Mistari Mitatu ya Ko Mal-ja

Sijui kwa nini nisumbuliwe mimi. Darasa letu la wazee la kusoma na kuandika pale ukumbi wa kijiji lina wanawake wenye mikono myepesi, herufi zao zinakaa kwenye mstari kama vitunguu kwenye tuta. Lakini mwalimu kaning'ang'ania mimi: andika habari za jirani yako, andika habari za jirani yako. Haya, naandika. Na asiniguse hata herufi moja. Mambo haya yanatia kinyaa hivi yalivyo, sitaki mtu aje kuyasafisha.

Jirani yangu ni Ko Mal-ja. Waweza kuishi hapa mpaka uzeeke usilisikie jina hilo. Sisi tunamwita Mama Tok-su, kwa mwanawe. Mkwe wake anamwita Mama, wajukuu wanamwita Bibi, na marehemu mumewe alikuwa akimwita "Wewe", au akiwa na njaa, "Uko wapi?" Jina alipewa na babu yake, mzee aliyechoka kuona mabinti wanazaliwa nyumbani kwake. Alipotokea wa tano, hakumtazama hata usoni. Akasema aitwe Mal-ja, binti wa mwisho, mlango ufungwe. Ukafungwa kweli. Akafuata mvulana, ukoo mzima ukala nyama, na Mal-ja badala ya kupelekwa shule akapewa huyo mvulana ambebe mgongoni.

Hata hivyo hakulichukia jina lake. "Ni langu," anasema. "Sikupewa kingine."

Uzeeni huku ndipo kajifunza kusoma. Siku alipoliandika jina lake lote, vipande vyake vitatu, Ko, Mal, Ja, aliikunja karatasi akaitia kifuani, akatembea nayo mpaka ikaloa jasho. Kuanzia hapo akawa anataka kitu kimoja tu duniani: jina hilo litajwe nyumbani kwake, kwenye mchezo.

Mchezo wenyewe ni wa mistari mitatu. Kila sikukuu ya mavuno, mababu wakishapewa chakula chao na kusujudiwa, familia inakaa sebuleni. Linachukuliwa jina la mtu. Wote wanapaza kipande cha kwanza, na mwenye zamu anajibu kwa mstari unaoanza na kipande hicho. Kisha cha pili, kisha cha tatu. Ukikwama, unapigwa kidole kwenye paji la uso. Miaka yote Mal-ja aliusikia mchezo huo akiwa jikoni, uso kwenye moshi wa mafuta, akikaanga samaki na maboga ya watu wanaocheka. Walishafanyia mchezo jina la marehemu mumewe, la mwalimu wa mjukuu, hata la mbwa. Lake, hata siku moja.

Mwaka huu alikuwa na mistari yake tayari. Alinisomea ng'ambo ya ukuta wa ua tukichambua pilipili:

"KO! Koo langu limekauka kwa kuwaita mle.
MAL! Malango ya mabinti yafungwe, alisema babu, akanifanya mimi kufuli.
JA! Jana nililipita jina langu kama jiwe njiani, leo nalisoma."

Nikamwambia ni mizuri. Akasema anajua.

Basi wakaja kutoka Seoul; yaliyotokea ndani kanisimulia mwenyewe. Tok-su na tumbo lake, mkewe Hye-rang na viatu vyeupe visivyotaka kukanyaga ua, na binti yao Da-on, wa miaka kumi na miwili, mdomo kama cherehani. Ibada ikaisha, wakala. Tok-su akajitupa sebuleni na soksi zake, akawa anatafuna ngisi mkavu mdomo wazi na kulamba vidole kimoja kimoja, huku akimpigia kelele mama yake alete pombe ya mchele. Mal-ja akaleta. Alipokuwa akiinama kuweka bakuli, Da-on akaanza.

"Namfanyia baba! Sa Tok-su! Haya, pazeni!"

"SA!" wakapaza.

"Saa nzima baba yuko chooni."

"TOK!"

"Toka, baba, wenzio tumebanwa!"

"SU!"

"Subirini, anasema, simu haijaisha chaji."

Hye-rang akacheka mpaka akashika mbavu. "Umemweza! Huyo ni yeye mtupu!"

"Mtoto huyu hana adabu," Tok-su akasema, vipande vya ngisi vikimtoka. "Kamzoea sana mama yake."

"Sasa Bibi!" Da-on akaruka. "Hatujawahi kumfanyia Bibi! Baba, zamu yako, ni mama yako."

Mal-ja alikuwa amefika mlango wa jikoni. Akasimama. Mkono ukaenda kifuani wenyewe. Alimwona Tok-su amesita, amemtazama mkewe, kisha amefuta midomo kwa mkono wa shati.

"Haya," akasema. "Pazeni."

"KO!"

"Kofia ya jua kichwani, mama yangu shambani."

"MI!"

Mal-ja akadhani mtoto kakosea. Akangoja Tok-su amsahihishe. Tok-su hata hakupepesa.

"Mikono yako laini kama hariri."

"JA!"

"Jamani, mama, uishi miaka mia!"

Hye-rang akapiga makofi, machozi yakamlengalenga. Tok-su naye, chozi moja likamteremka mpaka kwenye mafuta ya kidevuni, likakaa hapo liking'aa. Mal-ja akaangalia lile chozi, akaangalia mikono yake mwenyewe iliyopasuka kwa pilipili na chumvi.

"MI ndiyo nini?" akauliza.

"Jina lako hilo, Bibi!" Da-on akacheka. "Ko Mi-ja. Mi ya uzuri. Baba alinifundisha."

"Mama," Tok-su akasema haraka, "naona samaki wanaungua."

Hakukuwa na samaki jikoni. Mal-ja aliingia, naye akamfuata, akafunga mlango, akaanza kunong'ona na harufu yake ya ngisi.

"Mama, usinifanyie fujo. Ni mambo ya zamani. Siku ile nilipokwenda kuposa kwa kina Hye-rang, mama yake aliniuliza jina lako. Sasa mama, na wewe unajua, Mal-ja, watu hucheka. Ni jina la vichekesho. Wale ni watu wa kupiga kinanda. Basi Mi-ja likanitoka."

"Likakutoka wapi?"

"Mdomoni, mama. Na likishatoka utalirudishaje? Hata kwenye kadi za harusi tuliandika hilohilo."

Hapo ndipo Mal-ja alipoukumbuka ule ukumbi wa harusi ya Tok-su. Alikuwa amekaa mbele, nguo ya kukodi imembana, na juu yake kuna ubao mkubwa wenye majina ya wazazi, maandishi ya dhahabu. Wakati huo hajui kusoma, alikuwa ameutazama siku nzima, akijivunia yale maandishi. Alimnyooshea dada yake kidole: lile pale ni langu. Kumbe alikaa chini ya mwanamke mwingine kama mpangaji.

"Nilifanya kwa heshima yako," Tok-su akasema, akamshika bega.

Mal-ja aliutazama ule mkono. Una mafuta. Kucha moja ina kipande cha ngisi. Akauondoa kwa vidole viwili, kama unavyomtoa konokono kwenye kabichi, akaosha bega lake hapohapo kwenye karai, mbele ya macho yake. Halafu akafungua mlango akarudi sebuleni.

"Da-on. Paza KO."

"Lakini Bibi, tumeshaku..."

"Paza."

"KO!"

"Koo langu limekauka kwa kuwaita mle."

"MI!"

"Si MI. MAL. Mimi ni Ko Mal-ja, binti wa mwisho, baba yako anaona haya. Paza MAL."

Hye-rang akageuka pole pole kumtazama mumewe. Mtoto akapaza, sauti ndogo.

"MAL."

"Malango ya mabinti yafungwe, alisema babu, akanifanya mimi kufuli."

"JA."

Mstari wake wa tatu alikuwa nao. Akauacha, akatoa mwingine.

"Jaribu kunifuta sasa, mwanangu. Nimeshajua kuandika."

Hakuna aliyepiga makofi. Hye-rang alisema tu, "Tok-su. Miaka yote hii, nikimwombea mama, namwombea mtu ambaye hayupo?" Tok-su akasema wote wamechoka, kesho barabara itajaa, bora waondoke. Hicho ndicho alichopata cha kusema.

Wakafungasha. Nanyi mnajua watoto hawaondoki hivihivi. Mama ndiye anayewajazia gari. Mal-ja akatoa chupa tatu za mafuta ya ufuta aliyoyapeleka kukamuliwa mwenyewe, akazipanga nyuma yake, akakaa kizingitini mbele yao, miguu imepanuliwa.

"Anayetaka mafuta alipie. Jina langu, mistari mitatu."

"Mama, majirani wanaona!" Tok-su akasema. Tulikuwa tunaona kweli.

Da-on akasogea, na mara hii alipaza mwenyewe.

"KO! Kosa la baba, Bibi, si langu.
MAL! Malizia hasira zako kwake.
JA! Jaza chupa yangu mpaka shingoni!"

Akapewa. Hye-rang alikwama kwenye JA, akainamisha kichwa akatoa paji la uso apigwe kidole. Mal-ja akampiga, kwa nguvu, kisha akampa chupa. Yule hakudanganya mtu.

Zamu ya Tok-su. Alisimama na funguo mkononi, akakohoa.

"KO," mtoto akapaza.

"Kosa..."

"Kosa limeshatumika!" Da-on akasema.

"Kongole, mama, kwa kujua kusoma." Akamtazama aone kama inatosha. Haikutosha.

"MAL!"

Tok-su akatazama upande wetu, ukutani, akatazama viatu vyeupe vya mkewe. Mtu mzima, anayetoa hotuba kazini, hawezi kusema sauti moja aliyoitwa nayo aliyemzaa. Uso umemlowa kama jibini ya soya iliyoachwa juani. Mal-ja akamtazama mpaka akashindwa kumtazama zaidi. Alinyanyuka, akaibeba ile chupa ya tatu, akaingia nayo ndani, na gari likaondoka.

Tok-su amepiga simu tangu hapo. Anauliza afya yake, anauliza mvua. Mal-ja anangoja mstari wa MAL; akisikia tu mtu anapumua, anakata. Mafuta yale anayamwagia wali wake mwenyewe, na ananipa na mimi, na hatuoni huruma yoyote.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa bure, bila kunisaidia kushika kalamu. Mtaje mama yako. Si Mama Fulani, jina lake. Kwa sauti, hapo ulipo, hata kama kuna watu, halafu uweke mstari kwenye kila kipande. Na kama hulijui, weka karatasi yangu chini uende ukamwulize, uache kunikodolea macho.