Radi Nne na Mama Mkwe

Kuna watu wanaojua kabisa kadi zipi ni za lazima. Mimi nimecheza mchezo huu miaka kadhaa, kila Jumamosi mchana, hapa Geita, nyuma ya duka la vifaa vya shule, na bado sijui. Nikisema sijui, wenzangu hudhani nawaficha. Sifichi chochote. Nimechanganyikiwa tu, na aliyenichanganya zaidi ni mama mkwe wangu.

Nieleze kwanza mchezo wenyewe, maana si karata za kawaida. Kila kadi ina picha na maneno ya Kiingereza: mnyama, askari, jini, au tukio kama mafuriko. Unachagua kadi zako mwenyewe kati ya ulizonazo, unapata rundo lako, na sisi rundo hilo tunaliita fungu, kama fungu la nyanya sokoni. Mnakaa wawili, kila mtu na maharage ishirini mbele yake. Hayo ndiyo uhai wako. Yakiisha, umefungwa. Kadi zinakuja kwenye pakiti zilizofungwa na hujui ndani mna nini, na nadhani ndiyo maana watu wa mji huu waliuelewa mchezo haraka. Kununua pakiti ni sawa na kununua mfuko wa mawe kabla haujafika kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Unaomba Mungu, unasaga.

Sasa kuna kadi inaitwa Radi. Ukiiweka chini, mwenzako anaondoa maharage matatu hapo hapo, hakuna kukinga. Mwisho ni nne kwenye fungu moja. Aliyetuletea mchezo huu ni broka mmoja wa dhahabu, mtu wa kupima kila kitu, hata salamu, na yeye alishatoa hukumu siku nyingi.

"Fungu bila radi nne ni duara bila matimba," alisema. "Utaingia, lakini kutoka sikuahidi."

Duara ni shimo la wachimbaji, na matimba ni magogo yanayolizuia lisiwaangukie. Mfano ulinikaa. Mimi ni fundi wa kusuka mota, nyingi za karasha hizo hizo, na ninajua kuna vitu ambavyo bila hivyo hakuna kazi. Mota bila waya wa shaba ni chuma kizito tu. Kwa hiyo nilihangaika mpaka nikapata radi zangu nne, ya mwisho kwa kumsukia mtu pampu nzima.

Lakini dereva mmoja wa bodaboda alikuwa akitufunga bila radi hata moja. Nikamuuliza broka, imekuwaje? Akasema huyo amebahatisha. Jumamosi nyingine broka mwenyewe akafungwa, na radi zake zote nne. Nikamuuliza tena. Akasema hazikumjia mkononi mapema. Hoja za namna hiyo zinanikera sana, hoja ambayo ikishinda imeshinda na ikishindwa imeshinda. Nilimwambia hivyo. Akanicheka.

Mambo yalikuwa hapo wakati mama mkwe alipoletwa kwetu kutoka Kharumwa. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hospitali ilikubali kumfanyia moja kwanza, kisha baada ya wiki kadhaa la pili. Katikati ilibidi akae kwetu, awekewe dawa za matone, asiiname, asibebe kitu. Mke wangu alifurahi. Mimi nilifurahi pia, lakini nilianza kukohoa.

Nasema kukohoa kwa sababu nyumba yetu ni ndogo, na mama mkwe ni Msukuma wa zamani. Kwake mkwe hatazamwi usoni, huli naye sahani moja, na mkikutana njiani mmoja huingia majanini mwenzake apite. Sisi wa mjini tumeyalegeza mengi, lakini yeye hakulegeza hata moja. Kwa hiyo kila nikitaka kupita sebuleni nilikohoa, naye akageukia ukutani. Miaka yote tangu nioe sikuwahi kuuona uso wake wote kwa mara moja, naye hakuwahi kuuona wangu. Akitaka kuniambia kitu, hata nikiwa nimesimama hapo hapo, alimwambia binti yake kwa Kisukuma, "Mwambie mume wako," naye mke wangu ananigeuzia maneno niliyokwisha kuyasikia.

Jicho la kwanza lilifunguka vizuri. Siku moja mke wangu alikuwa akipangusa meza, akazisogeza kadi zangu, na mama akauliza, "Huyu ni ng'ombe wa nani?"

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu aje lisilohusu kurudi nyumbani. Alikuwa ameshika Fahali, kadi ambayo kwenye meza yetu tunaitupa: mnyama mkubwa, mzito, anachelewa kuingia, hana ujanja. Mama aliisogeza karibu na jicho, akaigeuza, akamsifu mabega. Akataka kuona wengine. Ndani ya siku chache mke wangu alikuwa amemfundisha, na mama, asiyesoma Kiingereza wala chochote, alijua kila kadi kwa picha yake. Akajitengenezea fungu kutoka kwenye takataka zangu: fahali wote, mbuzi wa milimani, ndege fulani anayefanana na korongo. Askari hakuwataka. Majini ndiyo kabisa.

Tukawa tunacheza jioni uani. Kadi juu ya sinia lililogeuzwa, mama kwenye mkeka akielekea ukuta wa jiko, mimi ubavu ubavu kwenye kigoda, mke wangu katikati.

"Mwambie mume wako, ng'ombe wangu anakwenda kwake."

"Mwambie mama nimempokea."

Nilimpokea kweli, kwa maharage manne ya uhai wangu. Ningefanyaje? Nimzuie ng'ombe wa mama mkwe? Nilikuwa nimetengeneza fungu maalumu la nyumbani, nikitoa radi, nikitoa kila kadi inayouma. Wenzangu wa Jumamosi walipojua walicheka mpaka wakasahau zamu zao, wakaliita fungu la mahari. Lakini mama alikuwa anakula vizuri, anakubali matone, na habari za kurudi Kharumwa zilikwisha. Mke wangu alisema usiku anamsikia akiwahesabu fahali wake kwa majina aliyowapa.

Kisha ikaja Jumamosi moja niliyochelewa kwenye meza ya kadi. Nilifika nyumbani nimechoka, nikakaa kwenye kigoda, nikacheza na fungu nililokuja nalo mkononi. Sikukumbuka kubadilisha. Mkono wangu ulikuwa bado uko nyuma ya duka la vifaa vya shule. Nikaikamata kadi, nikaipiga juu ya sinia kama tunavyopiga sisi, na kama tunavyopaza sauti sisi.

"Radi!"

Mke wangu alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake, na nikaanza kuelewa kwamba ndivyo nilivyofanya, au zaidi. Kwetu radi haianguki tu. Radi inatumwa. Na miaka michache nyuma, kule Kharumwa, radi iliua ng'ombe wa mama waliokuwa wamejikinga mvua, na watu walizungumza sana nani aliituma. Mimi mkwe nilikuwa nimekaa mbele yake, nikamtupia kwa sauti.

Mama aliondoa maharage matatu. Aliyaweka pembeni polepole, akainuka, akaingia ndani. Baadaye nikasikia zipu ya begi.

"Anasema kesho asubuhi anarudi," mke wangu akaniambia.

"Na jicho la pili?"

"Anasema moja linamtosha."

Lilikuwa limebaki juma moja na siku mbili. Foleni ya hospitali kila mtu anaijua, ukiiacha unarudi mwisho wa mstari, na daktari alishasema hilo jicho la pili lisicheleweshwe. Nilimwambia mke wangu kwamba ni kadi, karatasi, ina picha ya mlima! Akasema anajua ni karatasi. Akasema pia kwamba hakuna mtu anayemwambia mama mkwe wake neno hilo, hata kwa karatasi. Mambo yote mawili yalikuwa kweli, na mimi sikujua nisimame upande upi.

Nilimpigia simu broka, sijui kwa nini. Nilimweleza yote. Akauliza, "Alikuwa amebakiwa na maharage mangapi?" Nikamjibu. Akafikiri. "Basi uliipiga mapema," akasema.

Kwa desturi, mkwe aliyekosa hutozwa faini. Usiku huo nikamtuma mke wangu: mbuzi. Akarudi akasema mama hataki. Nikasema vitenge viwili, vya maana. Hataki. Nikauliza basi anataka nini. Mke wangu akaingia, akakaa sana, akatoka na uso ambao sikuuelewa.

"Anataka radi zako zote."

Sasa hapa nitasema ukweli ingawa haunipambi. Nilisita. Jumamosi iliyofuata walikuwa wanakuja wachezaji kutoka Mwanza, na broka alishatangaza kwamba asiye na radi nne asijisumbue kukaa. Nilisimama mlangoni nikipima kadi nne na jicho la mtu, na kwa muda mfupi mizani haikuinama upande wowote. Mke wangu aliona. Ndipo nikaona haya, nikazitoa.

Begi halikufunguliwa, lakini asubuhi halikuondoka pia. Mama alibaki kitandani siku nzima na kadi zangu chini ya mto. Mke wangu aliniambia faraghani kwamba huenda radi haikuwa kitu, kwamba mama alikuwa anaogopa kisu cha pili tangu mwanzo na alikuwa anatafuta sababu, mimi nikampatia. Nikauliza, basi kwa nini alizitaka kadi? Mke wangu akainua mabega. Yeye aliyezaliwa naye hajui, mimi nitajuaje?

Jumamosi ikafika. Niliweka mbuzi wa milimani wanne mahali pa radi, nikakaa mbele ya watu wa Mwanza. Nilishinda mara mbili, nikafungwa mara mbili, sawa kabisa na Jumamosi yoyote nyingine. Broka akasema mara mbili nilizofungwa ni kwa kukosa radi. Nikamuuliza, na zile mbili nilizoshinda? Akasema nilibahatisha. Mawazo yangu yalikuwa kwa mama, kwa sababu siku ya hospitali ilikuwa Jumatatu na hakuna aliyethubutu kumuuliza kama atakwenda.

Jumatatu alijiandaa mwenyewe, akakaa mlangoni na kanga yake, akamwambia binti yake, "Mwambie mume wako tunachelewa." Nikaita bajaji. Njia nzima mkono wake ulikuwa ndani ya kanga, ameshika kitu.

Bandeji ilipotolewa tulirudi nyumbani, na jioni yake akaomba sinia. Mke wangu akaliweka uani, akapanga maharage, ishirini huku na ishirini huku, akakaa katikati kama kawaida. Mimi nikakohoa, nikakaa ubavu ubavu. Tukacheza kidogo. Fahali wakaingia mmoja mmoja, nikawapokea.

Halafu mama akageuka. Aliuacha ukuta wa jiko, akageuza mwili wote kwenye mkeka mpaka akanielekea, akaninyanyulia macho yote mawili. Sikujua nitazame wapi, na kwa kutojua nikamtazama. Ana kovu dogo juu ya nyusi, na mke wangu amechukua mdomo wake. Alinikagua kwa utulivu, toka nywele mpaka kidevu, kama mtu anayekagua kitu alichokwisha kukilipia zamani.

"Kumbe una mvi," akasema. Kwa Kiswahili, na si kwa binti yake.

Kisha akashusha kadi juu ya sinia, taratibu, bila kupiga wala kupaza sauti.

"Mkwe wangu. Radi."

Mke wangu alifungua mdomo anigeuzie maneno, akakuta hakuna la kugeuza. Sikujua kama nimesamehewa au nimelipizwa, na mpaka leo sijui. Niliondoa maharage yangu matatu, nikamshukuru mwenyewe kwa Kisukuma, "Wabeja, mama."