Kwaya Iliyovuka Mto

Mdogo wangu ni mbunge katika bunge la jimbo letu la Maniema, hapa Kongo. Juzi alikuja kwangu Mikelenge kuniambia kwamba wiki ijayo yeye na wenzake watachagua maseneta wa jimbo. Alitaka nimwombee, na mimi, katekista wa zamani, kuombea watu sikatai. Mke wangu alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo, mlangoni. Akaacha mchi.

"Shemeji, mutachagua ninyi peke yenu? Na sisi?"

"Ninyi mulituchagua sisi. Seneta njo sauti ya jimbo kule Kinshasa. Fungu letu la pesa likikwama kule, gavana wetu akiangushwa na watu wa kule, yeye atasimama kusema jimbo liko na haki yake."

"Na jimbo njo nani? Miye siko jimbo?"

Nilicheka, maana nilijua anakoelekea.

Wakati wa vita askari walifunga mto unaopita katikati ya mji wetu. Mashamba yetu ya mihogo yalikuwa ng'ambo, upande wa Alunguli, na hakuna mtumbwi ulioruhusiwa kuvuka. Watoto walianza kuvimba miguu kwa njaa. Mwishowe komanda akasema atamsikiliza mtu mmoja kutoka parokia yetu. Kwetu, majirani wanaosali pamoja huitwa shirika, na kila shirika lina kiongozi. Viongozi tulikutana, tukamchagua mdogo wangu kwa sababu ya Kifaransa chake. Wanawake, wenye mashamba yale, hawakuitwa. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Na sisi viongozi, siku ile, tulimsimulia sana jinsi Wakristo wa ng'ambo walivyokosa ibada.

Alirudi na furaha tele. Komanda amekubali: kila Jumapili kwaya inaweza kwenda kuimba ng'ambo na kurudi jioni.

"Kwaya?" mke wangu alimwuliza mbele ya kanisa. "Tutakula nyimbo?"

Jumapili iliyofuata, kwaya yetu ndogo ilijaza mitumbwi yote. Kina mama wasiojua hata wimbo mmoja walivaa kitenge cha parokia na kubeba vikapu. Ibada ikaisha, wakaingia mashambani. Jioni walirudi wakiimba kwa nguvu, mihogo imefunikwa vizuri. Askari aliyekuwa ufukoni aliwatazama wakishuka, akasema, "Kwaya hii inazaana." Hakufunua kikapu hata kimoja. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa ajili ya askari yule.

"Lakini ile ruhusa niliileta miye," mdogo wangu alijitetea juzi, kama anavyojitetea kila mara. "Mulishiba, hamukushiba?"

"Tulishiba kwa akili yetu. Weye uliomba mambo ya hawa waliokutuma." Mke wangu akaninyooshea mchi. "Huyo seneta wako amekwisha kuvuka mto huu?"

Mgombea wa mdogo wangu ni mzaliwa wa huku, lakini anakaa Kinshasa miaka mingi. Na mke wangu hakuuliza kwa utani tu. Binti yetu ana mimba kubwa, anakaa ng'ambo, hospitali iko huku, na kivuko kimeharibika tena. Akishikwa na uchungu, atavushwa kwa mtumbwi.

Nilitaka kumtetea mdogo wangu. Si vibaya wachache waliochaguliwa wachague kwa niaba ya wengi. Parokia yetu huendeshwa hivyo, na jimbo linahitaji kusema kwa sauti moja. Ndipo nikakumbuka katika Matendo ya Mitume: wajane waliposahauliwa katika kugawiwa chakula, mitume waliita mkutano wote uchague. Nikaacha kumtetea. Sheria ni sheria, na wiki ijayo watachagua wao.

Tukasali. Baada ya amina mdogo wangu hakuinuka.

"Sasa shemeji, nimwambie seneta wangu aombe nini?"

"Kivuko. Kama hajui shida yake, umulete Jumamosi tuvuke naye kwa mtumbwi, tumuone mutoto wetu."

"Nitamuleta."

"Avae kitenge cha parokia," mke wangu akasema, akarudi kwenye kinu.