Chai Kabla ya Mkanda

Mume wangu gereji nzima inamwita Chai Kwanza, na nusu ya kosa ni langu, maana chai yenyewe naipika mimi. Kibanda changu kiko pale getini, na yeye kazi zake anazifanya hatua chache tu kutoka jiko langu, kwa hiyo hakuna la kwake nisilolijua.

Yeye ni fundi umeme wa magari. Kazi anayoletewa zaidi ni eabegi, ile mifuko inayofumuka gari likigonga, na mikanda ya viti. Watu wanadhani mkanda ni utepe tu. Kumbe ndani yake kuna fataki ndogo. Gari likigonga inalipuka, inauvuta mkanda umbane mtu kabla hajarushwa mbele. Basi mwanamume anashinda na vitu vinavyolipuka, kisha anarudi nyumbani kuniambia nipunguze moto wa jiko, nitaungua!

Kazi yake ina mwendo mmoja. Anachomoa waya wa betri, anauviringishia kitambaa usije ukagusa tena, halafu anakuja kwangu kunywa chai. Kikombe kizima, ya moto, mpaka kwenye majani ya chini. Wateja wanachemka kuliko birika. "Fundi, unakunywa au unafanya kazi?" Naye anawajibu, "Nafanya kazi." Na ni kweli. Betri ikishachomolewa, umeme kidogo unabaki umejificha ndani ya gari, na unataka muda ufe. Alipokuwa kijana hakuungoja. Mfuko ukamlipukia, sikio la kushoto likaenda na maji. Tangu hapo ukitaka kumwambia siri pita kulia, ukitaka kumtukana pita kushoto, na mimi nimepita kushoto mara nyingi.

Wapo wanaomletea gari taa ya eabegi inawaka, wanataka aizime tu, asiguse kingine. "Hiyo taa ni mdomo wa gari," anawaambia. "Linakwambia linaumwa, wewe unataka nilizibe mdomo?" Wananuna, wanakwenda kwa fundi mwingine. Nilimgombeza sana kwa hilo, sitaficha. Nyumba hailishwi kwa msimamo.

Tulijaliwa mtoto mmoja, binti. Sura ya baba yake, lakini umbo, jamani, alinitoa mimi mzimamzima: mabega, kifua, mpaka nyonga za kugonga meza. Alipokua hatukuwa tena na gauni la mama na gauni la mwana. Hata baada ya kuolewa alikuwa akija kuniibia nguo kabatini. "Mama, hili limekuchoka," anasema, na ameshalivaa.

Baba yake alimfundisha kufunga mkanda kabla hajajua kufunga viatu. Gari haliondoki mpaka amuulize, "Umefunga?" Na kwa kuwa baba mwenyewe sikio moja hana, mtoto alikuwa akipiga kelele mpaka jirani anasikia: "Baba, klik!"

Lori lililokatika breki lilimkuta binti yetu barabarani, akiendesha gari lake kutoka kazini. Alikuwa peke yake. Wasamaria wema walimtoa, wakamlaza kando, akafia hapo. Waliofika baadaye waliona mkanda unaning'inia mlangoni, mmoja akasema hakuwa amefunga, na neno likatembea. Lilifika msibani kabla ya maiti. Mama mkwe wake, aliyemzaa mume wake, alilisema mbele ya wanawake wote, nami nimekaa palepale mkekani: "Baba mtu fundi wa mikanda, mwana hafungi. Kweli mganga hajigangi."

Nilitaka kumrukia, wakanishika. Lakini kilichoniuma si tusi. Kilichoniuma ni swali. Nikaanza kujiuliza: je, kama kweli? Kama siku hiyo alikuwa na haraka, au amechoka, akasema leo basi tu? Mwanangu amekufa kwa uzembe wake mwenyewe? Swali hilo lilininyima hata kulia vizuri.

Kisha gari likavutwa likaletwa gerejini. Yule mama mkwe akaja na mwanawe, mkwe wetu, kuchukua vitu vilivyobaki ndani. Mume wangu akabandua boneti iliyojikunja, akachomoa betri. Halafu akatembea moja kwa moja mpaka kibandani.

"Nipe chai."

"Leo?" Nilimpigia kelele, na nilisimama upande wa sikio zima makusudi. "Mtoto wako kagongewa mle ndani, wewe unataka chai? Huna moyo? Nenda ukauangalie huo mkanda!"

"Mke wangu, kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Mfuko na fataki ya upande ule havikulipuka, vinaweza kulipuka bado. Nipe chai."

Nikamimina, nusu ikaishia mezani. Alikunywa huku machozi yanadondokea kikombeni, na hakuruka hata funda moja. Haki ya Mungu, nilimchukia. Alikirudisha kitupu, mpaka majani ya chini.

Alirudi kwenye gari, akaweka kiganja kwenye bodi la chuma kwanza, ili umeme wa mwilini umshuke. Akachomoa soketi za manjano, zile za nyaya za eabegi. Akautoa mfuko wa upande wa abiria, akaubeba umetazama mbali naye, akauweka chini mbali na watu, uso juu. Mama mkwe akasogea kuchungulia. "Rudi nyuma, mama," akamwambia, na yule mama akarudi. Ndipo akaenda upande wa dereva.

Alipiga magoti mlangoni. Akaushika ule mkanda, akausukuma urudi ndani. Haukurudi. Akauvuta. Haukutoka. Akaegemeza paji la uso kwenye nguzo ya mlango.

"Fataki imelipuka," akasema bila kugeuka. "Ikilipuka, mkanda unakwama pale ulipokutwa. Usipovaliwa, unakwama umerudi ndani wote. Huu umekwama nje."

"Maana yake nini?" mama mkwe akauliza.

Aliniita mimi. "Njoo ukae hapa."

Nikakaa alipokaa mwanangu. Vipande vya kioo vilinichoma mapajani, nikaviacha. Akaupitisha mkanda begani kwangu, kifuani, nyongani, polepole, kama alivyokuwa akimfunga mwanetu utotoni. Akausukumiza kwenye kifungio chake, kile walichokifungua waliomtoa, nikausikia ukilia. Haukunibana, haukulegea. Ulinikaa kama magauni yetu.

Mama mkwe alitia mkono mdomoni, akaketi chini kwenye vumbi na oili. "Nisamehe, mama mwenzangu," alisema. Sikuwa na nafasi naye.

Mume wangu alikuwa bado ameinama juu yangu, na sikio lake bovu ndilo lililokuwa karibu na kifungio. Hakuwa amesikia.

"Umefunga?" akaniuliza.

Nikapaza sauti mpaka gereji nzima ikageuka.

"Baba, klik!"