Fundi Evode na Jina Baya la Sunila

Gisenyi nzima, mtu aliyepata hela ya kununua gari hakwenda kwa muuzaji kabla hajapita mtaa wa Mbugangari kumuuliza fundi Evode. Walimu walikuja, wanajeshi walikuja, wafanyabiashara walikuja, wakasimama na viatu vyao vilivyong'arishwa kwenye vumbi jeusi la gereji yake, wakangoja atoke chini ya gari, ajifute mikono, aseme. Na Evode alipenda kusema. Hakuwa mtu wa majivuno ya nguo wala ya nyumba. Majivuno yake yote yalikuwa mdomoni. "Ile usinunue, itakuzeesha." "Ile chukua, hata macho ukifumba." Akishasema hivyo, mambo yamekwisha.

Alizaliwa Masisi, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Ufundi aliupata Goma, miaka saba ya kupiga magoti kwenye mawe makali ya volkano, kisha akaingia Rwanda na wazazi wake waliokuwa wakirudi kwao, akiwa kijana mwenye mfuko wa spana begani. Mfuko huo ndio uliomjengea nyumba, ukamlipia mahari ya mkewe Illuminée, ukasomesha watoto watatu. Watu walimheshimu kwa haki. Alikuwa fundi mzuri, na mpaka leo ni fundi mzuri. Hilo ndilo linalofanya habari hii iwe ngumu kusimulia.

Miaka saba iliyopita yakaanza kuonekana mjini magari madogo mapya yaitwayo Sunila. Mapya, siyo mitumba, na bei yake karani wa ofisi aliweza kuifikiria bila kucheka. Evode aliyachukia kabla hajafungua boneti ya hata moja. Alizoea magari makuukuu, mazito, yaliyokwisha kuzunguka nusu ya dunia kabla ya kufika kwake. Gari jipya la bei ya chini lilimkera kama mtu anayeruka foleni.

"Hii iko sahani ya plastiki," aliwaambia waliomuuliza. "Unakulia humo mara moja, unatupa."

Libérata hakumuuliza. Alilinunua kwanza, akamletea baadaye, akiwa amejifunga kitenge kipya kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa. Libérata alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, akikaa Rugerero, akizunguka masoko ya Mahoko na Kabaya na mizigo yake. Wazazi wake na wazazi wa Evode walikuwa majirani kule Masisi, kwa hiyo alimwita kaka, na Evode alimwita Mama Nziza kwa jina la binti yake. Miaka mingi alikuwa amepanda moto, zile pikipiki za abiria, mzigo mgongoni na mwingine mapajani, mvua ikimpiga. Sasa alikaa kwenye usukani, amefunga vioo.

"Kaka, najua hauipendi," alisema. "Lakini uniangalilie yeye muzuri. Ni mutoto wangu huyu."

Siku hiyo ilikuwa ya kubadilisha oili kwa mara ya kwanza. Evode aliingia chini, akafungua nati ya kumwagia oili, akaacha ile ya zamani itiririke mpaka tone la mwisho, akarudisha nati kwa vidole. Ilibaki kuikaza kwa spana. Wakati huohuo likaingia gari kubwa la ofisa mmoja wa jeshi, injini ikigonga, na ofisa akaita kutoka dirishani, "Fundi! Sikiliza hii, uniambie." Evode akatoka. Akasikiliza, akasema, wengine wakakusanyika, akasema tena, wakacheka. Aliporudi kwenye Sunila alimimina oili mpya, akafunga boneti, akaligonga bati kwa kiganja.

"Tayari, Mama Nziza."

Siku ya tatu simu yake ililia. Libérata alikuwa kwenye kilima cha kwenda Kabaya, gari limejaa vitenge.

"Kaka, kataa kamoja kekundu kamewaka hapa mbele. Nisimame?"

Gereji ilikuwa na watu. Evode aliwakonyeza. "Taa za hizo Sunila zinawakaka tu bure. Endesha."

Akaendesha. Baada ya kilomita nne hivi injini ilinoki, ikakwama kabisa, na gari likaanza kurudi nyuma kilimani mpaka Libérata akaliegemeza kwenye ukingo wa mtaro.

Jioni waliliburuta hadi Mbugangari. Evode akalala chali, akajisukuma chini yake, akawasha tochi, akaona. Pale palipokuwa na nati palikuwa na tundu tupu. Meno ya tundu yalikuwa mazima, safi, kama yalivyotoka kiwandani. Gari halikuwa na kosa lolote. Oili yote ilikuwa imemwagika barabarani kwa sababu yeye hakukaza nati, na ile taa nyekundu ilikuwa ikisema hivyohivyo.

Aliona miguu ya Libérata kando ya gurudumu, kandambili zimejaa matope ya mtaroni.

"Kaka, ni nini?"

Angeweza kusema. Hata leo anakumbuka kwamba nafasi ilikuwepo, na kwamba haikuwa fupi. Mkono wake ulinyooka kwenye kopo la nati kuukuu lililokuwa karibu na kichwa chake, ukachagua moja iliyolingana, ukaikaza kwa spana polepole. Alipomaliza ndipo alipojibu, bado yuko chini, asionekane uso.

"Ni chuma yao, Mama Nziza. Chuma ya bei ya chini. Injini imejifia."

Libérata hakulia mbele ya watu. Alishika mlango wa gari, akasema, "Ulisemaka, kaka. Mi ndiye sikusikia." Kisha akamshukuru.

Waliokuwepo gerejini walitawanyika na habari. Kwa Kinyarwanda kusukuma ni gusunika, na haikuchukua wiki moja Sunila ikawa Sunika. Watoto waliimba likipita. Ngoga, aliyekuwa na teksi ya Sunila kule Rubona karibu na bandari, alisimulia jinsi abiria walivyofungua mlango, wakaona jina, wakaufunga tena. Mwishowe alibandua herufi za nyuma moja moja kwa kisu, lakini alama zake zikabaki kwenye rangi na watu wakazisoma vilevile. Mwalimu mmoja aliuza lake kwa bei ya kutupa kabla halijamfia, kama alivyosema, ingawa halikuwa limemwonyesha dalili yoyote ya kufa.

Tuseme ukweli, Sunila lilikuwa na aibu zake. Vishikio vya milango vilivunjika. Rangi ilifubaa kwa jua la miaka miwili. Barabara za mawe zilimaliza mipira ya springi za mbele upesi, na vipuri ilibidi vingojewe kutoka Kigali. Lakini injini ilikuwa nzuri. Evode alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu nesi mmoja, Akaliza, alikataa kuuza lake na aliendelea kumletea. Mwaka wa pili, wa tatu, wa nne: oili, mikanda, kwaheri. Injini ilinguruma taratibu kama siku ya kwanza.

"Fundi, mbona langu haliharibiki?" Akaliza alimuuliza siku moja.

"Uko na bahati," Evode alijibu, akainamia ndoo ya maji kunawa mikono iliyokuwa safi.

Kilichomtesa zaidi ni shukrani. Libérata alirudi kwenye moto na mizigo yake, na kila mavuno alituma maharagwe nyumbani kwa Evode, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyemwambia ukweli. Illuminée aliyapika. Evode alisema tumbo linamsumbua. Kanisani alijifunza kukaa upande ambao Libérata hakukaa. Watu walipomwita "fundi wa kweli" alitazama chini, nao wakafikiri ni unyenyekevu, wakamsifu na kwa hilo pia.

Mwaka jana, Jumamosi moja asubuhi, Libérata aliingia gerejini na kijana aliyevaa vizuri. Alikuwa Rugwiro, mchumba wa Nziza, mtoto wa waliorudi kutoka Tanzania, mwenye Kiswahili kilichonyooka.

"Kaka, huyu anataka kununua Sunila," Libérata alisema, na jina hilo lilimtoka kama kitu kichungu. "Nimesema sana, hanisikie. Donc, basi, nimemuleta kwako. Umuambie ile uliona na macho yako."

Rugwiro alitoa heshima kwa mikono miwili. "Shikamoo mzee. Sitaki kubishana na mama. Ila nimeuliza Kigali, watu wanayaendesha miaka sita na hawalalamiki. Ni huku Gisenyi tu ndiko wanakosema injini ni mbovu. Nikajiuliza, injini inajuaje kwamba imefika Gisenyi?"

Wateja wawili walicheka. Evode alijaribu kucheka nao, na shavu lake likagoma. Libérata alimtazama kwa imani yote, amekunja mikono, anangoja kaka yake ammalize kijana kwa neno moja.

"Injini haikuwa mbovu," Evode alisema.

"Sema kwa nguvu, kaka."

"Mama Nziza, injini haikuwa mbovu. Ni mi. Ile nati ya oili, mi sikuikaza. Ilianguka njiani. Niliona tundu siku ileile, nikaweka ingine kabla ya kutoka chini."

Libérata alikuwa bado anatabasamu kidogo, tabasamu lililosahauliwa usoni.

"Siku ileile ulijua?"

"Siku ileile."

"Na nilikupigia simu juu ya kataa."

"Ulinipigia."

Aligeuka, akamshika Rugwiro mkono, wakatoka. Evode alibaki amesimama na kitambaa cha oili mkononi, na mmoja wa wale wateja akaangalia saa, akasema atarudi siku nyingine.

Illuminée alizipata habari sokoni kabla mumewe hajafika nyumbani. Alimwuliza jambo moja tu: "Na yale maharagwe, Papa Nshuti, uliniacha niyapokee?" Wiki nzima alimpakulia chakula, kisha akaenda kula chake jikoni.

Jumapili iliyofuata alipanda moto mpaka Rugerero. Libérata alimkaribisha kama mgeni, kwa kiti na chai, akamwita fundi. Hakumwita kaka. Evode alianza kusema atamtafutia gari, atauza kiwanja, atafanya kila awezalo. Libérata aliinua kiganja.

"Haiko voiture, haiko gari inaniuma. Mi nilikuamini kuliko macho yangu. Kataa kaliwaka, mi nikakaona, wewe ukaniambia kabure, nikaamini wewe." Alinywa chai kidogo. "Miaka sita nasema kwa kila mutu, Sunila iko mubaya. Umenifanya mi pia mwongo. Kuniambia mi tu haitoshi. Wale wote uliwaambiaka, uwaambie sasa."

Evode akafanya hivyo. Alidhani itakuwa siku chache za aibu kali kisha yatapita. Haikuwa hivyo. Alimfuata Ngoga Rubona, akamweleza, na Ngoga akamsikiliza akiwa ameegemea teksi yake isiyo na herufi, kisha akasema tu, "Sasa nizibandike wapi?" Alimwambia mwalimu, naye akamfungia mlango. Wengine hawakuamini kabisa. Walisema wauzaji wa Sunila wamempa kitu, kwamba fundi amenunuliwa, maana mtu hawezi kujichafua bure namna hiyo. Watoto wanaendelea kuimba Sunika, na wanaoiimba sasa hawakuwepo ilipoanza.

Rugwiro alinunua gari lake. Analipeleka kwa fundi mwingine, karibu na stendi. Nziza akipita na mumewe mbele ya gereji humpungia Evode mkono, kwa adabu aliyolelewa nayo, na Evode hujikuta ameinama kutafuta spana ambayo haihitaji.

Wateja wamepungua lakini hawajaisha. Juzi alikuja mama mmoja kutoka Rubona, ameajiriwa kiwandani, amepata mkopo wa gari, akasema ameelekezwa kwa fundi anayejua magari. Anunue lipi? Evode alimvutia kibao, akamketisha, na kabla ya kutaja gari lolote akamsimulia nati, simu na tundu tupu, bila kuruka kitu. Ilimchukua muda, kama kila mara. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akainuka, akaenda kumuuliza fundi mwingine.