Gitaa la Pembe Mbili la Fundi Ezekia

Makambako ya miaka ile, kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa, ilikuwa njia panda yenye upepo. Malori ya Mbeya na ya Iringa yalipishana pale, na yale ya Songea na Njombe yalitokea pale pale. Madereva walikunywa chai kwa Efraimu Mgaya, wakaondoka, wakatuachia vumbi. Mimi nilikuwa nikiuza viazi ng'ambo ya barabara, na kila siku macho yangu yalitazama milango miwili: wa hoteli ya Efraimu, na wa karakana ya Ezekia Tweve iliyopakana nayo.

Ezekia alikuwa Mkinga wa Makete, mrefu, mwenye viganja vipana kama koleo. Alitengeneza milango, mabenchi na vitanda. Vita vya Burma vilimchukua akiwa kijana, akarudi na gitaa alilofundishwa kulipiga na askari mwenzake kutoka Nyasa. Gitaa hilo ndilo lililompatia mke. Dorika, Mbena wa Njombe, alikuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya ya Walutheri, na hakuona haya kusema, "Mimi nilimpenda kabla sijamwona. Nilimsikia tu nyuma ya ukuta."

Sasa, mtu yeyote aliyekaa Njombe anaujua ukungu wake. Nguo ukizianika asubuhi, jioni unaziingiza mbichi kuliko ulivyozitoa. Krismasi ya mwaka hamsini na tisa Ezekia alialikwa kupiga kwenye sherehe huko, na kwa siku kadhaa ukungu ulikuwa haujainuka. Katikati ya wimbo gundi ya gitaa iliachia. Mgongo wote wa gitaa ukachomoka, ukaanguka sakafuni, paa! Wenyeji wakadhani sinia la wali limedondoka, wakakimbilia jikoni. Watu walicheka mpaka machozi, na Ezekia mwenyewe akacheka nao. Lakini njia nzima ya kurudi Makambako, Dorika alituambia, hakucheka tena. Alikuwa ameupakata ule mgongo kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Alilitia gundi mara ya pili, likaachia tena. Mwishowe akalitundika ukutani, akabaki na randa na msumeno wake.

Mwezi wa Julai mwaka uliofuata, lori moja lilivunjika springi karibu na soko letu. Ndani yake mlikuwa na bendi ya vijana waliokuwa wakitoka kwenye migodi ya shaba Rhodesia kwenda Dar es Salaam. Ilibidi wasubiri springi nyingine itoke Mbeya, na kwa kuwa walikuwa na injini ndogo ya umeme, Efraimu aliwaomba wapige nje ya hoteli yake Jumamosi mchana. Mpiga gitaa alikuwa Mngoni wa Songea, jina lake Romanus, kijana mchangamfu mwenye kofia iliyokaa upande.

Nilimwona Ezekia akitoka karakanani, randa bado mkononi. Akasimama. Hakupiga hatua nyingine mpaka wimbo ulipokwisha.

Gitaa la Romanus lilikuwa jekundu kama nyanya iliyoiva. Halikuwa na tumbo wala tundu. Lilikuwa bapa, nene kama ubao wa kizingiti. Na penye mabega, pale ambapo gitaa la kawaida linajaa, hili lilikuwa limekatwa pande zote mbili za shingo, zikabaki pembe mbili zimeelekea juu. Mkono wa Romanus ulishuka shingoni mpaka mwisho kabisa, kwenye sauti nyembamba, bila kugonga kitu.

Ezekia alimsogelea. "Ndugu, tumbo lake liko wapi?"

"Halina, mzee. Ni mbao tupu."

"Na gundi?"

"Gundi ya nini? Mwili ni kipande kimoja."

"Likilowa je?"

Romanus alimtazama kama haelewi swali. "Likilowa unalifuta."

Ezekia akalirudia neno lile polepole, "Unalifuta," kisha akacheka peke yake. Romanus alimvisha mkanda begani. Kile kiganja kipana, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikikwama kwenye bega la gitaa, kikashuka, kikashuka, kikafika. Akagusa uzi mwembamba pale chini kabisa, sauti ikatoka kwenye spika kama ndege. Akaliondoa haraka begani, kama mtu aliyeogopa kulizoea.

Kitu hicho kizuri Romanus alikuwa akikisafirisha kimeviringishwa blanketi. Ezekia hakuweza kuvumilia. "Nitakutengenezea sanduku," alisema. Romanus akajibu kwamba hana cha kumlipa, ila anayo sumaku ya gitaa ya akiba, kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi na kuzisikiliza, pamoja na waya wake. Wakapeana mikono.

Ili utengeneze sanduku lazima ukipime kitakacholala ndani, na Ezekia alipima siku mbili. Alililaza gitaa juu ya ubao, akalizungushia penseli, akalipindua, akapima unene, akapima kila pembe. Dorika alipomletea chakula akasimama mlangoni na kumwangalia.

"Baba Lameki, unalipima sanduku au unamposa huyo?"

"Mama Lameki, sanduku lisipomjua mwenyewe litambana."

"Haya. Ugali unapoa."

Springi ikafika, bendi ikaondoka na sanduku zuri lililotandikwa pamba na kitambaa cha kijani. Ezekia akabaki na sumaku, na ule ubao wenye mistari ya penseli.

Alichagua kipande cha mninga kilichobaki kwenye mlango wa duka fulani. Shingo aliitoa kwenye lile gitaa lililoharibika, maana shingo yake ilikuwa bado imara, na vichuma vyake vya kugawa sauti vilikuwa vizima. Sasa vile vichuma vya chini, vilivyokuwa vimekaa juu ya tumbo pasipofikika, vilikuwa kati ya pembe mbili, wazi kama uwanja. Ila jambo moja alilikosea. Aliona pembe kuwa ni urembo, akazifupisha zote mbili ili aokoe mti. Alipolivaa na kuliachia, kichwa cha gitaa kikaanguka chini kama mbuzi aliyeona majani. Akikiinua, kinaanguka. Alihangaika nacho wiki nzima, kila anapopita mtu anamwonyesha.

Siku moja alikuja kwangu kununua viazi. Nilivipima kwenye mizani ya kuning'iniza, na kamba ilikuwa imesogea, upande mmoja ukawa chini. Nikaisogeza, mizani ikalala sawa. Ezekia akaacha viazi vyake pale pale, akavuka barabara mbio. Mkanda wa gitaa unafungwa kwenye ncha ya pembe ya juu. Pembe ikiwa fupi, shingo inashinda. Ikiwa ndefu, gitaa linalala sawa. Akakata mwili mwingine, pembe ya juu ikaipita ya chini kwa vidole viwili. Safari hii alipoliachia, lilitulia tumboni mwake bila kushikwa.

Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyeondoka bila mahubiri. Ukienda kuagiza kigoda unaambiwa habari za pembe. Ukiuliza bei ya kitanda unavishwa gitaa. Mwalimu mmoja aliagiza kabati, akalikuta limechongwa pembe mbili juu ya milango. Kwa bahati alilipenda.

Lakini gitaa la namna hiyo bila umeme ni bubu. Ezekia hakuwa na spika. Efraimu ndiye aliyekuwa na redio kubwa ya betri, na nyuma yake palikuwa na matundu mawili ya kuchomekea mashine ya santuri. Alasiri moja hoteli ilikuwa imejaa watu wakingoja kipindi cha salamu. Ezekia akamnong'oneza Efraimu, akachomeka waya, akakaa nyuma ya kaunta ambapo watu hawamwoni, akaanza kupiga.

Sauti ikajaa chumba. Mzee Manase, aliyekuwa ametoka kijijini kununua chumvi, aliweka kikombe chini.

"Efraimu, hii stesheni ni ya nchi gani?"

"Ya Makambako, mzee."

"Usinifanyie mzaha. Makambako tangu lini ina stesheni?"

Hapo Ezekia akasimama, gitaa kifuani. Hoteli nzima ikalipuka. Hakuna aliyekumbuka salamu tena, na Efraimu aliuza chai mpaka majani yakamwishia.

Habari zikafika Njombe kabla ya Ezekia. Binti wa dada yake Dorika, Beatrisi, alikuwa anaolewa Jumatatu ya Pasaka, akataka gitaa la baba mdogo, kama alivyomwita, lipigwe kwenye arusi yake. Baba mkubwa wa Beatrisi, Yonathani, alikuwa mzee wa kanisa. Walipokwenda kuomba ruhusa kwa Mchungaji Methusela, Yonathani alilitazama lile gitaa juu ya meza, akalizunguka.

"Shemeji Ezekia, kazi yako ni safi. Lakini mbona lina pembe? Watu watasema tumemleta nani kanisani?"

Ezekia akaanza kueleza habari za mizani na mkanda, na Yonathani akazidi kukunja uso. Dorika akaingilia kwa upole.

"Shemeji, wewe ndiye uliyetufundisha kipaimara. Kitabu cha Kutoka, madhabahu aliyoagizwa Musa. Ilikuwa na pembe ngapi?"

Yonathani alihesabu kwa vidole. "Nne."

"Basi, sisi tumeleta mbili tu."

Mchungaji alicheka akashika ubavu. Alipotulia akatoa hukumu: ndani ya kanisa kwaya itaimba kama kawaida, na gitaa litapigwa nje, kwenye karamu. Yonathani naye akawa anacheka, akisema atakwenda kuisoma tena sura ile, asije akanaswa na wanawake mara ya pili.

Siku ya arusi mvua ilinyesha tangu asubuhi, na ukungu ukashuka mpaka kwenye migomba. Tulifunga turubai uani. Redio ya Efraimu iliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, betri chini yake imefunikwa gunia. Mimi nilikuwa nimekuja na mzigo wa viazi vya karamu, nikasimama karibu.

Ezekia alianza taratibu, kwa nyimbo za kawaida. Kisha Beatrisi akatokea, na akina mama wakapiga vigelegele. Ezekia akainua kichwa. Mkono wake ukashuka shingoni, ukapita kati ya pembe, na gitaa likawajibu kwa sauti ile ile nyembamba inayotetemeka. Wakapiga tena, wakazidisha. Likawajibu tena, likazidisha. Hapo ndipo uwanja ulipochafuka. Wanawake na gitaa wakawa wanashindana, wazee wakaacha viti, na Yonathani akaonekana akitikisa mabega katikati ya tope. Maji yakajikusanya kwenye turubai, yakamwagika moja kwa moja juu ya gitaa. Watu wakapiga kelele. Ezekia akatoa leso mfukoni, akalifuta, akaendelea.

Betri ikafa kabla watu hawajachoka. Redio ikakata ghafla, na kwa kitambo ikasikika mvua peke yake. Dorika akaudaka wimbo kwa mdomo, kwaya ikamfuata, ngoma ikaendelea bila umeme. Ezekia hakuacha kupiga, ingawa sasa hakuna aliyemsikia. Bibi yake bibi arusi, mzee aliyetembelea fimbo, alimsogelea, akainama, akabandika sikio lake kwenye ule ubao.

"Limo!" akatutangazia. "Bado linaimba humu ndani!" Basi wakapanga foleni, watoto kwa wakubwa, kila mtu abandike sikio.

Baada ya Pasaka ile Ezekia hakuwa tena fundi wa milango peke yake. Mganga mmoja wa Ilembula aliagiza lake. Mfanyabiashara wa samaki kutoka Manda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akaagiza la rangi ya ziwa, na akawa mkali kweli kuhusu rangi hiyo: alilikataa la kwanza, akisema hilo ni ziwa wakati wa mvua. Sumaku na nyuzi zilikuwa zinaagizwa kwa madereva waliokuwa wakienda Rhodesia, na Romanus, aliyekuwa amerudi huko, ndiye aliyezinunua, akatuma salamu kila mara.

Katikati ya mwaka huo, Tanganyika yote ikiwa inazungumzia Uhuru, alifika msichana kutoka Makete, Telesia, mpwa wa Ezekia. Alikuwa ametembea, akapanda lori, akatembea tena, aje aone. Ezekia akamvisha gitaa. Msichana akaligeuza upande mwingine, shingo ikaelekea kulia.

"Mjomba, mimi ni wa mkono wa kushoto. Basi halinifai?"

Ezekia aliufuata ule ubao wa penseli, akaupindua mezani, akaanza kuchora upya, pembe ndefu safari hii upande wa pili. "Keti hapo," alimwambia. "Unapenda rangi gani?"

"Njano," alisema Telesia, bila hata kufikiri.

Nilivuka barabara kurudi kwenye viazi vyangu nikisikia msumeno umekwisha kuanza.