Mabati ya Jirani Yetu

Wakati wa vita vya kumfukuza Mreno tulihamishwa kwa nguvu kutoka mashambani, tukatiwa katika kijiji kilichozungushiwa senyenge, kaskazini ya Quiterajo, huku kwetu Msumbiji. Mume wangu alikuwa ameingia msituni kupigana, nami nikakaa na mama yangu.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi mwanamke mmoja msusi wa mikeka. Akienda kukata ukindu, alificha chumvi kikapuni akawapelekea wapiganaji. Sisi majirani tulijua. Siku moja askari walimngoja langoni. Wakampeleka posto, kwenye ofisi ya serikali ya Mreno, wakampiga viganja kwa kibao mpaka vikapasuka. Hakumtaja mtu.

Wiki ile ile jirani yetu mwingine, mvuvi mwenye watoto watano, aliezeka nyumba yake kwa mabati. Mabati siku zile yalitoka kwa chefe tu, yule Mreno mkuu wa posto. Kila mtu alielewa. Lakini watu wakasema, "Mambo ya vita haya, nani amhukumu mwenzake?" Nami nikasema hivyo hivyo.

Mama hakukubali. Asubuhi moja alinichukua tukaenda kwa mvuvi. Tulimkuta anatengeneza wavu.

"Jirani, ni wewe uliyemchongea yule mama?"

Akauweka wavu chini, akasema, "Walinitisha, dada. Nina watoto."

"Hilo la kutishwa nalielewa. Hata mimi sijui ningefanya nini. Lakini mabati uliyapokea. Umefanya vibaya, na nimekuja kukwambia mwenyewe, sitaki kukusengenya."

Tukaondoka. Njiani nilimlalamikia mama kwamba atatuponza. Akasimama.

"Wewe ulimwona jirani huyu akitoka posto, ukanyamaza. Ungemwonya yule mama, asingebeba chumvi siku ile."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemwona, nikajiambia hayanihusu. Nililia kwa hasira, halafu kwa aibu.

Kesho yake nilikwenda kwa msusi nikamweleza. Alinitazama sana, mikono yake imefungwa vitambaa.

"Kaa hapo," akasema. "Vidole vyangu havikunjiki. Nitakwambia, wewe suka."

Nikasuka mkeka wake ule, na mingine mingi.

Mvuvi mabati hakuyashusha, alimwogopa chefe. Ila alianza kumtekea yule mama maji, ndoo mbili kila siku, ingawa wanaume wenzake walimcheka. Mwanamke aliyapokea bila kumsemesha. Miezi ikapita hivyo. Siku mke wa mvuvi alipojifungua, msusi alipeleka mkeka wa kumlalishia mtoto, akauacha mlangoni, akarudi kwake.

Uhuru ulipokuja, mvuvi alibomoa paa mwenyewe, akahamia Quiterajo. Kabla ya kuondoka alikuja kumuaga mama.

"Wengine wote walinichekea usoni, wakanisema nikigeuka," alimwambia. "Wewe uliniambia."

Mama akamkaribisha chai. Walizungumza habari za mvua na muhogo, na mimi nikawamiminia kikombe cha pili.