Haigawanyiki

Maisha ninayosimulia ni ya Orville Tweten, lakini aibu ni yangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina mwaka wa nane na bado naitembea.

Orville alikuwa karani wa reli hapa Duluth. Alipostaafu, kila Alhamisi alikuja kwenye chumba cha chini cha maktaba, tulikokutana wazee sita wapenda namba. Tulisaka namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Kwa penseli tu. Mashine ilikuwa mwiko. Na namba haikuitwa tasa mpaka mwenzako arudie hesabu yote, kisha atie sahihi.

Ardis, mkewe, alipofariki, Orville aliandika tarehe ya ndoa yao, mwezi ukitangulia kama tuandikavyo: 9061967. Majira yote ya baridi aliigawa kwa namba tasa mia nne thelathini na moja. Kila mara kilibaki kitu. Akaniletea madaftari.

"Merle, ndugu yangu, nikagulie. Nataka kuichonga kwenye kaburi lake."

"Niachie mimi."

Nilikagua kurasa kumi. Siku hiyo televisheni ilikuwa na mpira wa magongo wa barafuni, nami nikachoka. Uvivu tu, sina kisingizio. Nikatia sahihi.

Jiwe likachongwa: namba ile, na chini yake neno HAIGAWANYIKI.

Siku ya kulizindua, mpwa wake Solveig, muuguzi asiyejua kunyamaza, akaibonyeza namba kwenye simu.

"Mjomba, mbona inagawanyika? Elfu moja kumi na tisa mara elfu nane mia nane tisini na tatu."

"Simu yako ina homa," nikamtania. Watu wakacheka.

Orville hakucheka. Alitoa penseli, akapiga hesabu nyuma ya bahasha, akiiegemeza kwenye jiwe lenyewe. Hakikubaki kitu. Lo! Mzee wa watu alivyonywea, nilishindwa kumtazama.

Tukaenda garini kwake, akafungua daftari. Kosa lilikuwa ukurasa wa arobaini na tatu: katika kutoa kwa mara ya kwanza tu, alikopa moja kisha akasahau kwamba ameshakopa. Kosa la mtoto wa darasa la tatu. Yeyote aliyerudia hesabu ile angeliona.

"Nimemwandikia uongo Ardis," akasema. "Juu ya jiwe!"

Nikajiambia, sema sasa, Merle, sema.

Akanishika bega. "Usijilaumu, ndugu yangu. Ni macho ya uzee. Hata wewe ulipita papo hapo usilione, na ndicho kinachonipa nafuu. Ningekosea peke yangu, ningekufa kwa aibu."

Nikaona heri ardhi inimeze.

"Ndiyo," nikasema. "Tulikosea wote wawili."